Fataki kwanza: namna ya kuchagua risasi za bunduki ya kuwindia Lindi na Mtwara

Mtu akiingia dukani kununua risasi huuliza kaliba, yaani kipimo cha unene wa risasi, huuliza uzito wa kichwa, halafu huuliza bei. Ni nadra kumwona anayeichukua risasi moja, akaigeuza na kuangalia kitako. Na pale kitakoni, katikati, ndipo kilipo kiduara cha ukubwa wa punje ya mbaazi kinachoamua kama baruti itawaka au haitawaka. Kiduara hicho ndicho fataki. Kichwa kiwe kizuri namna gani, baruti iwe bora namna gani, fataki ikigoma umeshika chuma tu. Kwa anayemfuata nyati vichakani Liwale, au askari wa wanyamapori wa kijiji anayeamshwa usiku kwa sababu tembo wameingia shambani, hilo si jambo la kuligundua baada ya kuvuta kifyatulio.

Suala la sheria nalimaliza hapa hapa. Marekani na Afrika Kusini wako wawindaji wengi wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani: hununua maganda, fataki, baruti na vichwa, kila kitu peke yake, kisha wakaunganisha. Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni maalumu kwa anayetengeneza risasi, na leseni yako ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa hiyo. Kwa hiyo sifundishi kujaza. Ila wanaojaza ndio waliolazimika kuifikiria fataki kuliko watu wote, na mengi waliyojifunza yanamfaa hata mnunuzi wa risasi za kiwandani. Nimeyachukua hayo nikayaleta kwenye hali ya hewa yetu.

Hatua ya kwanza: ijue fataki yenyewe

Fataki ni kikombe kidogo cha shaba njano, mara nyingi kimepakwa nikeli kikawa cheupe. Ndani yake kuna chembe ya kilipuzi, kwa kawaida chenye stifneti ya ledi, na juu ya hiyo kuna kipande cha chuma kiitwacho fuawe. Pini ya kufyatulia inapogonga kikombe kwa nje, kilipuzi kinabanwa kati ya kikombe na fuawe, kinalipuka, na ulimi wa moto unapita kwenye tundu dogo kuingia kwenye baruti. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Wazo hili si geni huku kusini. Wazee waliowinda kwa gobore la fataki walikuwa wakiivisha fataki juu ya chuchu ya bunduki kwa vidole vyao, na walijua kuwa fataki iliyonyeshewa ni hasara. Asili yake ni Mskoti mmoja, Alexander John Forsyth, mchungaji wa kanisa aliyependa kuwinda ndege. Aliona ndege wanashtushwa na mwako wa jiwe la gumegume kabla risasi haijawafikia, akatafuta kitu kinachowaka kwa kugongwa, na mwaka 1807 akapata hataza ya ugunduzi wake. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba fataki imehamia ndani ya kitako cha ganda, ambako huwezi tena kuibadilisha kwa vidole ukiona imeharibika. Ndiyo maana ukaguzi lazima ufanyike kabla ya kununua.

Hatua ya pili: Boxer au Berdan?

Fataki za bunduki ziko za aina mbili. Ya Boxer ina fuawe yake ndani ya fataki yenyewe, na ganda lake lina tundu moja katikati. Ya Berdan haina fuawe. Fuawe imechongwa kwenye ganda, na pembeni yake kuna matundu madogo, mara nyingi mawili. Ukitaka kujua unayotumia ni ipi, chukua ganda lililokwisha kupigwa, liangalie kwa ndani kwa tochi, uhesabu matundu. Edward Boxer alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza na fataki yake ikashika Marekani. Hiram Berdan alikuwa Mmarekani na yake ikaenea Ulaya na Urusi.

Kwa mpigaji, zote mbili zinalipua sawasawa. Anayejijazia hupenda Boxer kwa sababu ganda la tundu moja ni rahisi kulitoa fataki kuukuu. Wewe mnunuzi wa Lindi au Mtwara una sababu nyingine ya kuangalia. Risasi za zamani za kijeshi, ambazo nyingi ni za Berdan, huwa na fataki za kilipuzi chenye kloreti ya potasiamu. Fataki hiyo inawaka vizuri na inakaa miaka mingi bila kufa, lakini ikishapigwa inaacha ndani ya mtutu kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo inavuta unyevu. Hewa ya Kilwa Masoko au Mikindani haihitaji kubembelezwa kutoa unyevu: piga jioni, lala bila kusafisha, asubuhi mtutu umeshika kutu.

Wajerumani walitoa fataki isiyoleta kutu, Sinoxid, miaka ya 1920. Jeshi la Marekani lilihamia kwenye fataki za namna hiyo miaka ya 1950, na risasi za kuwindia zinazouzwa leo na viwanda vinavyojulikana hazina chumvi hiyo. Ukipewa risasi ambazo hujui asili yake, zichukulie kuwa zina chumvi. Na hapa wengi wanakosea: wanapaka mafuta wakidhani wamesafisha. Mafuta hayayeyushi chumvi. Chumvi inaondolewa na maji, ya moto ikiwezekana, yapite mtutu mzima, ukaushe kwa kitambaa mpaka kitoke kikavu, ndipo upake mafuta.

Hatua ya tatu: ukubwa na nguvu

Fataki za bunduki ziko ndogo na kubwa. Ndogo ina kipenyo cha milimita 4.45, kubwa milimita 5.33. Kwa kaliba ya .223 utakuta ndogo, kwa .308, .30-06, .375 H&H na .458 Winchester Magnum utakuta kubwa. Kiwandani hawakosei hapo. Wanaoweza kukosea ni wanaojaza, kwa sababu fataki za bastola zina vipenyo vilevile. Kikombe cha fataki ya bastola ni chembamba, na ile kubwa ya bastola ni fupi pia. Ukiiweka kwenye risasi ya bunduki, pini inaweza kuitoboa, na gesi ya moto ikarudi nyuma kupitia bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kuelekea usoni kwa mpigaji. Ndiyo sababu moja kubwa ya kukataa risasi iliyojazwa na mtu usiyemjua, hata akikuapia kwamba ameipima.

Halafu kuna fataki ya kawaida na fataki ya magnum. Ya magnum inatoa moto mkali zaidi na wa kudumu kidogo zaidi. Watu wengi hudhani kaliba yenye neno Magnum kwenye jina lake lazima iwe na fataki ya magnum, na isiyo na neno hilo isiwe nayo. Sivyo. Kinachoamua ni baruti: ni nyingi kiasi gani, inaungua taratibu au upesi, na chembe zake ni za namna gani. Baruti ya chembe za mviringo huwa ngumu kushika moto, kwa hiyo hata kwenye ganda la wastani anayejaza anaweza kuchagua magnum. Risasi ya .375 H&H inabeba gramu nne na nusu hivi za baruti, pengine zaidi, na rundo hilo linahitaji moto unaolifikia lote kwa pamoja. Roy Weatherby, mtengenezaji wa bunduki wa Marekani, alipotoa kaliba yake ya .378 mwaka 1953, ganda lilikuwa kubwa mno kwa fataki zilizokuwapo, ndipo kampuni ya Federal ikatoa fataki namba 215. Wanaojaza risasi za kaliba kubwa wanaitumia mpaka leo, kama wengine wanavyotumia namba 250 ya kampuni ya CCI. Kwa baruti ya wastani wanachukua Federal 210, CCI 200, au za Winchester na Remington za daraja hilo.

Sababu nyingine ya fataki ya magnum ni baridi kali, ambayo hainihusu mimi wala wewe. Tatizo letu ni joto. Risasi iliyokaa juani inaungua kwa shinikizo kubwa zaidi, na anayechanganya fataki kali, baruti iliyojazwa mpaka kikomo na jua la Oktoba anajitafutia bolti iliyokwama.

Wanaojaza wanaishika amri moja, nayo nataka uichukue nzima: ukibadili fataki, umebadili risasi. Hata kama baruti ni ileile na kichwa ni kilekile, kutoka kampuni moja ya fataki kwenda nyingine kunabadilisha shinikizo, na mwenye akili anarudi kwenye kipimo cha chini cha baruti akaanza kupanda upya. Kwa mnunuzi wa kiwandani maana yake ni hii: ukishapata aina inayopiga vizuri kwenye bunduki yako, nunua masanduku yenye namba moja ya toleo. Namba hiyo imepigwa mhuri kwenye sanduku. Toleo jingine la risasi hiyohiyo laweza kuwa na fataki tofauti, nawe hutaambiwa.

Wenye bunduki zinazojikoki zenyewe wana la ziada. Kwenye baadhi ya bunduki hizo pini inaelea huru, na bolti inapofunga kwa nguvu pini inaigusa fataki. Fataki laini inaweza kulipuka hapo, kabla kifyatulio hakijaguswa. Kwao zipo fataki ngumu za kipimo cha kijeshi. Bunduki ya bolti ya mkono haina shida hiyo.

Hatua ya nne: kagua kwa jicho na kwa ukucha

Hakikisha risasi haiko kwenye bunduki. Ishike kwa kitako, kwenye mwanga wa mchana, na upitishe ukucha kutoka ukingoni mwa kitako kwenda ng'ambo ya pili. Fataki iliyokaa sawa iko chini ya uso wa kitako kwa kiasi kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukucha unasikia kidimbwi, hausikii kilima. Ukisikia kilima, iweke kando. Fataki iliyosimama juu ina hatari mbili zinazopingana: pini inaweza kumaliza nguvu yake kwa kuisukuma ikae, isilipuke; au bolti ikaigonga wakati wa kufunga, ikalipuka bunduki haijafungwa sawasawa. Wengi wanaolalamika kuwa "fataki ni mbovu" walikuwa na fataki nzima iliyokaa juu.

Kisha tumia macho. Kidoa kilichobonyea katikati kinasema kuna mtu aliyewahi kuipiga risasi hii ikagoma, akairudisha sandukuni. Kutu ya kijani kuzunguka fataki inasema unyevu umepita. Fataki iliyokaa upande, au yenye mkwaruzo uliokata kikombe, haifai. Mstari mwembamba wa rangi nyekundu, kijani au zambarau kuzunguka fataki si kasoro. Hiyo ni vanishi ya kuzuia maji, na kwa anayewinda Desemba mvua zikiwa zimeshaanza, mimi ningelipa zaidi kuipata.

Ukimaliza moja, fanya nyingine, mpaka sanduku liishe. Ni kazi ya dakika chache. Muuza duka anayekukataza kugeuza risasi unazotaka kununua anastahili kuachiwa risasi zake.

Hatua ya tano: zijaribu kwenye bunduki yako, usome fataki zilizopigwa

Fanya hivi kwenye eneo la shabaha linaloruhusiwa, kabla msimu haujafunguliwa Julai 1. Piga chache kutoka kwenye toleo ulilonunua, okota maganda, yapange mezani vitako vikiangalia juu.

Fataki yenye afya ina kidimbwi cha mviringo katikati, chenye kina, na kingo zake bado zina duara. Kidimbwi kikiwa kifupi au kimekwenda pembeni, usiilaumu risasi kwanza. Fungua bolti. Springi ya pini inachoka, na zaidi ya springi, mafuta yanaganda. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 za Selsiasi, na usiku wa Julai huko Nachingwea au Newala unashuka chini ya hapo. Pini iliyopakwa mafuta ya nazi inakwenda polepole asubuhi, inagonga kiunyonge, fataki inagoma; saa sita mchana bunduki ileile inapiga, na mwenye bunduki anabaki kuzungumzia uchawi. Toa mafuta yote ndani ya bolti, paka mafuta mepesi ya bunduki, kidogo tu.

Fataki iliyobapazwa kabisa mpaka ikajaza kishimo chote, yenye ukingo ulioinuka kuzunguka alama ya pini kama mdomo wa kichuguu, huashiria shinikizo kubwa. Ubapa peke yake haushuhudii kitu, maana kuna fataki laini zinazobapa hata kwa shinikizo la kawaida. Lakini ubapa pamoja na bolti nzito kufunguka ni amri ya kuacha. Fataki iliyotobolewa ni amri ya kuacha papo hapo. Masizi meusi kuzunguka fataki yanasema gesi imevuja. Fataki iliyotoka nyuma kidogo inaweza kuonyesha kuwa ganda lina nafasi ya kucheza ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, na hapo mpelekee fundi mwenye leseni bunduki yenyewe pamoja na maganda yote uliyookota. Maganda ndiyo ushahidi wake.

Risasi ikigoma

Umevuta, umesikia "tik", kimya. Usifungue bolti. Mtutu ubaki umeelekea mahali salama na uhesabu nusu dakika kamili. Fataki yenye unyevu huweza kuwasha baruti kwa kuchelewa, na risasi inayolipuka bolti ikiwa wazi inamrushia mshikaji vipande vya shaba. Baada ya nusu dakika, geuza uso pembeni, fungua, itoe, iweke peke yake.

Kuna sauti mbaya kuliko kimya: mlio mdogo usio wa kawaida, bega halikusukumwa. Huenda fataki imesukuma kichwa peke yake, nacho kimekwama ndani ya mtutu. Usipige ya pili kwa hali yoyote. Toa risasi zote, toa bolti, angalia mtutu kwa nyuma. Usipoona mwanga upande wa pili, siku ya kuwinda imekwisha na kazi ni ya fundi.

Iliyogoma usiipige tena wala usijaribu kuitoa fataki kwa msumari. Isitupwe kwenye moto, chooni wala kisimani. Kwa mtoto, ile ni mchezo wa kugonga kwa jiwe. Ikabidhi polisi ukiwa na leseni yako.

Kuzihifadhi huku kwetu

Hapa Lindi na Mtwara tuna maadui ambao vitabu vya kigeni havivitaji. Wa kwanza ni salfa. Kuanzia Juni wakulima wa korosho wanapuliza, na stoo nyingi zina mifuko ya salfa ya unga. Salfa inaidhuru shaba, inaifanya nyeusi. Wa pili ni mbolea na mkojo wa mifugo, kwa sababu ya amonia. Waingereza waliiona India: risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika zilipasuka shingo zenyewe, na mwaka 1921 wataalamu wakaeleza kuwa ni amonia inayopasua shaba njano. Kwa hiyo stoo ya pembejeo si mahali pa risasi, hata kama ndiyo yenye kufuli kubwa. Tafuta kabati la chuma linalofungwa, ndani ya nyumba, mbali na paa la bati na mbali na jiko.

Mkanda wa ngozi ni wa siku ya kuwinda tu. Risasi zikilala humo wiki nzima zinaota kijani, nacho kinatambaa mpaka kwenye fataki. Rudi nyumbani, zitoe, zifute kwa kitambaa kikavu. Usizipake mafuta ukidhani unazilinda: mafuta mepesi hupenya kando ya fataki taratibu, na risasi yenye mafuta ndani ya chemba huisukuma bolti nyuma kwa nguvu kubwa kuliko risasi kavu. Usizihamishie kwenye chupa au mfuko wa plastiki. Na kama una kazi halali inayokukutanisha na fataki zenyewe kabla hazijawekwa kwenye maganda, zibaki kwenye trei ya kiwandani. Kila moja imetengwa na mwenzake kwa sababu fataki zilizorundikwa pamoja kwenye chupa zinalipuka zote kwa mara moja.

Kwa wanaoongoza wageni

Wageni wa vitalu vya Selous wengine huja na risasi walizojijazia kwao. Muulize mgeni kwa heshima, siku ya kupima shabaha, wala si porini: fataki ni ya aina gani, alizijaribu kwenye joto la kiasi gani, na kama zote zimetoka toleo moja. Mtu makini atakuonyesha daftari lake na atafurahi kuulizwa. Aliyejaza majira ya baridi huko kwao, karibu na kikomo cha baruti, kwa fataki ya magnum, bado hajaziona risasi zake zikipigwa kwenye joto letu la saa nane. Mwambie apige tatu mchana, jua likiwa kali, na mwangalie vitako pamoja. Bolti ikifunguka kwa shida, atumie za kiwandani alizokuja nazo kama akiba. Na kama hana, mkubaliane kuhusu bunduki ya kambi kabla gari halijawashwa.

Kwenye kila sanduku unalonunua andika kwa kalamu mwezi na mwaka, namba ya toleo, na bunduki uliyozijaribia. La zamani lianze kutumika, jipya likae nyuma yake.